MAKAA YA KOPO NA MTUNGI WA GESI

(Hotuba kwa wanachama wa Meru mjini)



Leo twasema juu ya jambo la jikoni. Msidhani kwamba si kazi ya chama. Mshahara tunaoupigania mchana ndio unaoteketea jikoni jioni.

Sote twayajua maisha ya chumba kimoja, Makutano au karibu na soko la Gakoromone. Mvua inanyesha, mlango umefungwa, watoto wamelala, na jiko la makaa li ndani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imekwisha kuua watu usingizini. Moshi wa kuni nao huharibu mapafu pole pole.

Wako wasemao kwamba watu wa miji midogo hawajui faida ya gesi. Si kweli. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100 za Kenya, 55 zilipika kwa kuni na 24 hivi kwa gesi, na hizo za gesi nyingi zi mijini. Hapa kwetu kuni hutoka shambani, na makaa huuzwa kwa kopo. Mwenye kulipwa kwa siku ana fedha za kopo. Hana za mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake kwa mara moja. Akijumlisha makopo ya mwezi mzima, mara nyingi huona yamepita bei ya kujaza mtungi. Huo si ujinga, ndugu. Ni shida ya mshahara mdogo.

Kodi nayo ilituyumbisha. Julai 2021 gesi ilirudishiwa kodi ya asilimia 16. Julai 2022 ikapunguzwa kuwa 8. Julai 2023 ikaondolewa.

Basi twapendekeza haya:

1. Watu kumi kumi waanze mchango wa zamu, na kila mwezi mmoja wao apate mtungi.

2. Halmashauri yetu ipinge kodi hiyo isirudi tena.

3. Githeri hula moto mwingi. Mahindi na maharagwe yalowekwe tangu jana yake, yachemshwe nje kwa makaa. Gesi iwe ya chai na mboga. Jiko la makaa lisilale chumbani kamwe.

Haba na haba hujaza kibaba. Miaka yote tumekijaza kibaba cha muuza makaa. Sasa tujaze chetu.

Umoja ni nguvu.