Ndama Wetu Wapimwe Damu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mariakani)



Leo hatusemi habari za mishahara, bali za mali ambayo wengi wetu twaitegemea mshahara ukiisha: ng'ombe wa maziwa. Ndama akifa, tumepoteza maziwa ya kesho.

Sisi wa reli twajua kwamba fundi hugonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio wake kabla gari halijaondoka. Hangoji livunjike njiani. Lakini ndama akizubaa, twakimbilia kununua sindano kwa kubahatisha. Mwenzetu mmoja alimdunga wake dawa ya nagana, kumbe ana ndigana, ugonjwa wa kupe. Siku ya nne tulimsaidia kumfukia.

Damu yasema nini? Kwanza, tone lililopakwa juu ya kioo na kutazamwa kwa darubini huonyesha vijidudu. Kwa ndigana, mtaalamu huchukua pia maji ya tezi iliyovimba chini ya sikio. Pili, damu huzungushwa kwa mashine katika mrija mwembamba, chembe nyekundu zikakaa chini. Zikifika kama theluthi ya mrija, ni vyema. Zikiwa chini ya robo, ndama amepungukiwa damu, na yafaa kutafuta kama ni mbung'o, kupe au minyoo. Tatu, katika wiki ya kwanza hupimwa protini, ijulikane kama ndama alinyonya dang'a ya kutosha. Ndama huzaliwa karibu hana kinga. Huipata katika dang'a, hasa saa 6 za kwanza. Saa 24 zikipita, mlango umefungwa.

Haya si ya matajiri peke yao. Kule Busia, tangu 2007 hadi 2010, wataalamu waliwafuata ndama 548 wa wakulima wadogo, kila mmoja mwaka wake wa kwanza, wakiwapima damu mara kwa mara. Walikufa 88, na ndigana ndiyo iliyoongoza.

Ndugu zangu, maabara ya serikali ya kuchunguza magonjwa ya mifugo iko hapa hapa Mariakani. Basi na tukubaliane: damu kwanza, dawa baadaye. Aitwe bwana mifugo achukue damu mapema, ndama angali amesimama. Na mwenzetu akiwa zamu, jirani yake asimamie kazi hiyo. Chama si cha siku ya mgomo tu.