Mtondogoo na Uzima wa Milele



Nimeombwa nizungumzie tumaini la Wakristo la uzima wa milele. Historia ya Ukristo huku kusini mnaijua: Askofu Steere wa Kianglikana na watumwa walioachwa huru kuanza Masasi mwaka 1876, Wabenediktini kuingia Lukuledi 1895 na kisha Ndanda 1906. Napita. Leo nina ugomvi na marehemu Profesa John Mbiti.

Mwaka 1969 Mbiti, mtu wa Ukambani na kasisi wa Kianglikana, aliandika kwamba Mwafrika wa jadi ana sasa na ana zamani, ila wakati ujao wake hauvuki miaka miwili hivi. Ushahidi wake ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Kwa hesabu hiyo, ufufuo ulitufikia kama mgeni asiye na pa kukaa.

Hayo maneno mawili, sasa na zamani, aliyaazima kwetu Waswahili. Angekawia kidogo mlangoni angeonyeshwa pia kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Atajibu: hizo ni siku tu. Haya, twende shambani. Mkorosho hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na kikongwe anayeupanda hapandi kwa ajili ya meno yake. Korosho ni zao la kuja? Kweli. Basi tuitazame jando. Kijana hutoka porini na jina jipya; kumwita kwa lile la utotoni ni kumtukana. Tangu akiwa mdogo alijua kwamba mbele yake yuko mtu ambaye bado hajawa. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, aliliona hilo, na badala ya kuipiga marufuku jando akaiingiza kanisani. (Wanaomlaumu kwa hilo wamo humu ukumbini. Tutaonana kwenye chai.)

Lakini hoja yangu kubwa ni neno moja. Biblia yetu haikusema “maisha ya milele”. Imesema uzima. Maisha hupimwa kwa urefu. Uzima haupimwi hivyo. Mzima ni asiyeumwa, ni asiyekufa, ni aliyekomaa, ni kitu kisichomegwa: mkate mzima, chungu kizima. Ukiulizwa hali ukajibu “mzima”, umeyasema yote manne bila kujua. Na mzizi wake ni wa Kibantu. Haukuja na meli. Sijui lugha iliyobahatika kuliko hii kwa kuupokea ufufuo wa mwili.

Nimkubalie Mbiti moja: wamisionari wengi walihubiri mbingu kama mji wa kuhamia, watu wakaidharau ardhi. Hapo alisema kweli. Ila dawa haikuwa kutunyang'anya kesho.

Rais Benjamin Mkapa alizaliwa hapa Lupaso 1938. Julai 29, 2020 akazikwa hapa hapa. Wafuasi wa Mbiti watasema amerudi zamani. Mimi naona kaburi la nyumbani ni mahali pa kungojana: watakaoamka pamoja hulala karibu.

Bibi yangu wa Newala, aliyezeeka akipanda mlima na maji kichwani, alitunza sanda yake sandukuni. Kila kiangazi aliianika, akaikunja upya. Mwaka mmoja, nikiwa likizo, nilimkuta nayo kambani nikashtuka.

“Bibi, unaumwa?”

“Mjukuu wangu, mimi mzima. Nishikie ncha hiyo tukunje.”