Damu Chini ya Jeraha



Mtu akivunjika shingo kwa ajali ya pikipiki au kwa kuanguka mnazini, swali la kwanza huwa ni la neva: zimekatika, hazikukatika? Naomba tuulize na la damu. Pigo huua sehemu ya ugwe wa mgongo papo hapo, lakini katika saa na siku zinazofuata, sehemu iliyonusurika huendelea kufa kwa kukosa oksijeni. Ugwe huvimba, mishipa yake midogo huziba. Jeraha likiwa shingoni, amri za kuikaza mishipa ya mwili hazishuki tena. Presha huporomoka na moyo hupiga polepole.

Ndiyo maana dawa ya siku hizo za mwanzo haipanui mishipa, bali huikaza: noradrenalini kwa dripu. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2013 ilishauri wastani wa presha ya ateri (si ile namba ya juu tuliyoizoea) ushikiliwe kati ya 85 na 90 kwa siku 7. Ile ya kimataifa ya 2024 imelegeza: usishuke chini ya 75 hadi 80, usipite 90 hadi 95, kwa siku 3 hadi 7. Ushahidi wake bado ni mwepesi, lakini naiunga mkono. Noradrenalini huhitaji uangalizi wa karibu, sawa. Ila hakuna hospitali inayoshindwa kupima presha mara kwa mara, na majeruhi wa shingo hapaswi kulala koridoni na presha ya 80 kwa 50 huku akisubiri picha. Wafaransa walijaribu njia ya pili, ya kupanua mishipa kwa nimodipini. Matokeo ya wagonjwa 106 yalitoka mwaka 2000, na dawa haikuleta nafuu.

Na baada ya miezi, jeraha likishapoa? Kwa muda mrefu tulidhani habari ya damu imekwisha. Mwaka 2017 Yaqing Li, Karim Fouad, David Bennett na wenzao wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha katika jarida la Nature Medicine jambo ambalo bado linanishangaza. Walichunguza ugwe wa panya chini ya jeraha la zamani, wakaukuta hai lakini una njaa ya oksijeni. Kapilari zilikuwa zimebanwa na perisaiti, seli zinazozikumbatia kwa nje kama vidole vilivyoshika mrija.

Nani aliziamuru zibane? Serotonini inayotoka kwenye shina la ubongo haikuwepo tena, maana njia yake ilikatwa. Lakini perisaiti zilikuwa zimeanza kutengeneza kimeng'enya kiitwacho AADC, nacho kiligeuza triptofani, asidi amino tunayoipata katika chakula, kuwa triptamini. Triptamini ikaviamsha vipokezi vya serotonini, na seli zikabana. Watafiti walipovizuia vipokezi hivyo, au walipokizuia kimeng'enya, oksijeni iliongezeka na panya wakatembea vizuri zaidi. Hata kuvutishwa hewa yenye oksijeni nyingi tu kulisaidia.

Panya si binadamu, na simwambii mtu yeyote akanunue dawa. Lakini carbidopa, inayozuia AADC, imo tayari katika vidonge vya ugonjwa wa Parkinson. Ugumu wake ni kwamba haivuki kirahisi kutoka kwenye damu kuingia katika tishu ya ubongo na ugwe, na perisaiti zimekaa upande wa pili wa ukuta huo. Je, inazifikia? Swali hilo linapimika. Oksijeni inapimika kwa urahisi zaidi: mitungi tunayo, barakoa tunazo, na wagonjwa wenye mabaki ya nguvu miguuni wanahudhuria kliniki za fiziotherapia. Tuanze na wao, kwa ridhaa yao, tupime nguvu ya misuli kabla na wakati wa kuvuta oksijeni, tukilinganisha na hewa ya kawaida bila mgonjwa wala mpimaji kujua ipi ni ipi.