Mzigo wa Mgeni: Kilimanjaro na Wajibu wa Msafiri

Ninyi wagumu mlioshuka mlimani juzi mkaona mje kunisikiliza, karibuni sana, maana habari hii ni yenu.

Mgumu ndilo jina la mpagazi huko juu. Nami nilikuwa mgumu kwa likizo mbili nilipokuwa nasoma. Siku yangu ya kwanza, langoni Machame, tuliandikishwa wapagazi kumi na wawili, na mizani ikasoma kilo 20 kwa kila mmoja, yaani kikomo kilichowekwa na hifadhi. Tulipoikata kona ya kwanza msituni, wawili wakatua mizigo wakarudi zao nyumbani. Walikuja kwa ajili ya mizani tu. Kilo zao 40 tukagawana sisi kumi, kila mtu akaongezewa nne, na hapo sijahesabu blanketi langu na nguo zangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Chakula kilikuwa ugali, mara moja kwa siku. Usiku tulisubiri wageni wamalize kula ndipo tulale katika hema lao la kulia, na alfajiri tukatoka humo kabla hawajaamka.

Wageni wenyewe walikuwa watu wema kabisa. Mmoja alinivulia glavu zake akanipa, ninazo mpaka leo. Ila hakujua nimebeba kilo ngapi, wala hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Kwa miaka mingi nimejiuliza: wema wa namna ile ulikosa nini?

Ulikosa hesabu. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku na kwa kila mgeni, na hakuna kampuni inayoweza kuzipunguza. Gesi ina bei yake sokoni, dizeli ya gari kadhalika. Basi msafiri anapofurahia kupandishwa Kilimanjaro kwa bei ya kutupa, nafuu hiyo imetolewa mahali pawili. Pa kwanza ni siku: safari inafupishwa, mwili unanyimwa muda wa kuzoea, ilhali kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, kila pumzi ina takriban nusu tu ya oksijeni ya pwani. Hapo mgeni anajidhuru mwenyewe. Pa pili ni ujira wa mgumu, sahani yake na hema lake. Mapatano ya bei hiyo hufanyika mbali, miezi kabla ya ndege kutua, na mwenye mgongo hayupo.

Wala kusahauliwa kwa mpagazi si jambo jipya. Mwaka 1887 mpanda milima Hans Meyer alipanda akakwamishwa na barafu na theluji. Mwaka 1889 alirudi na mwenzake Ludwig Purtscheller, na safari hii aliweka kambi ngazi kwa ngazi, wapagazi wakipanda na kushuka kumletea chakula, hata akaweza kujaribu kilele zaidi ya mara moja. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu akiwapikia. Tunawafundisha watoto wetu jina la Meyer. Lakini chakula kisingefika, naye asingefika kileleni.

Nasikia watu wakisema utalii endelevu ni kutookota maua na kutotupa chupa njiani. Ni sawa, taka zishuke zote. Lakini zinashuka juu ya mgongo wa nani? Mlima uliosafishwa na kijana mwenye njaa siwezi kuuita umehifadhiwa.

Yapo yanayowezekana. Hapa Moshi, tangu 2003, Kilimanjaro Porters Assistance Project inawaazima wapagazi majaketi na viatu bila malipo, na inazitambua kampuni zinazowatendea haki. Mgeni anaweza kuuliza kabla ya kulipa: mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, anakula mara ngapi, analala wapi? Kampuni inayojibu kwa tarakimu ni tofauti na ile inayojibu kwa tabasamu. Na bakshishi itangazwe mbele ya wote, kiasi cha kila mtu kikitajwa kwa sauti. Bahasha iliyofungwa ikishaingia mkononi mwa kiongozi, wagumu hawana cha kudai, kwa sababu hawajui kilichokuwamo.

Mwaka jana nilipanda tena, sasa nikiwa mgeni mwenye kulipa. Nilikuwa nimeuliza maswali yote hayo ofisini, na majibu yalikuwa mazuri. Jioni kambini Barafu, kijana aliyebeba begi langu alikuwa amejikunyata nyuma ya mwamba akijikinga na upepo. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, leo umekula nini?" Alimtazama kwanza kiongozi wetu, ndipo akanijibu.