Fedha ya Shule Mbele ya Wazazi
Maneno yaliyosemwa kwa wazazi na waalimu siku ya Jubilii

Nimeagizwa kunena juu ya fedha ya shule isiyo ya Serikali, wala isiyowekwa kumtajirisha mtu. Neno hili si tamu siku ya sikukuu, lakini nyama ingali jikoni, basi hamwezi kuondoka upesi.

Mwajua ya kuwa mwaka 1969 Serikali ilitwaa shule nyingi za misioni, na mwaka 1995 sheria ya elimu ikabadilishwa, ikafungua tena njia kwa watu na mashirika. Tangu 2016 shule za Serikali hazitozi ada hata kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha sita. Kwa hiyo mzazi atuleteaye ada hakushurutishwa. Ameuza fahali wake mnadani kwa hiari, naye ana haki kuuliza fahali yule alikokwenda.

Natoa ushuhuda wangu mwenyewe. Nalikuwa mtunza hazina wa shule moja. Ada ya muhula wa kwanza ilipoingia tukaona fedha ni nyingi, tukanunua mabati ya bweni. Hatukukumbuka ya kuwa ndani yake mlikuwamo mishahara ya Mei na Juni. Maana wazazi hulipa baada ya mavuno, bali mwalimu hula kila siku. Waalimu wawili wakaondoka, na kidato cha nne kikakaa bila mwalimu wa hesabu. Hakuna aliyeiba hata senti. Watu watatu tu tulijua hali ya daftari, tukanyamaza kwa aibu.

Wakurya wanayo inchama, baraza la wazee wachache linenalo kwa siri, tena wanayo iritongo, ambapo watu wote husikia. Sisi tuliifanya hazina kuwa neno la inchama. Siku tuliposoma daftari mbele ya wazazi, mama mmoja alisimama akasema, “Mabati nayaona, mwalimu yuko wapi?” Sikuwa na jibu. Ndipo ikaamuliwa fedha itolewe benki kwa saini mbili, mishahara ya miezi mitatu isiguswe kwa ujenzi, na mkuu wa shule asiwe yeye aandikaye hesabu. Wadhamini washike ardhi na majumba, bodi iamue matumizi.

Limebaki jambo moja. Katika hesabu mtaona unga wa Desemba. Huo ni chakula cha wasichana wanaobaki bwenini wakati wa likizo, wakikimbia kukeketwa, wala hapana awalipiaye. Baadhi yenu mmeniambia faraghani niufute mstari huo, kwa kuwa ada yenu si ya watoto wa wengine. Sitaufuta kwa siri, wala sitauficha. Daftari li mezani pale, chini ya mti. Njoni tulisome, na anayetaka mstari ule ufutwe aseme hapa, wote wasikie.