Jezi Tunazo, Makocha Je?

(Niliyosema kwenye kikao cha vijana wa wadi yetu. Wengi mmeniomba niyaweke hapa.)

Nimepewa dakika kumi nizungumzie michezo, na najua mnangoja niichape serikali. Nitaichapa. Ila wacha nianze na mimi.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nafunza raga katika shule moja ya upili. Nilipewa kazi kwa sababu niliwahi kucheza, basi. Cheti sikuwa nacho. Siku ya mechi winga wetu akagongwa kichwa, akainuka akiyumba. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akasema yuko sawa. Sasa mtoto wa miaka 15, timu iko nyuma kwa alama mbili, atasema nini kingine? Nikamrudisha uwanjani. Mechi ilipoisha akaniuliza mara tatu kama tumeshinda.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mamake alikuja shuleni akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe ulifunzwa wapi?" Nikakosa jibu.

Leo najua. Mtoto akigongwa kichwa na una shaka, anatoka, na siku hiyo harudi hata alie. Na haya mambo si siri. World Rugby wana mafunzo ya Rugby Ready mtandaoni, bure. Unahitaji bando na jioni moja.

Mtoto mgeni simfunzi kukaba siku ya kwanza. Tunaanza na raga ya vitambaa: kila mmoja anachomeka vitambaa viwili kiunoni, ukimnyofoa kimoja umemkaba. Halafu wanajifunza kuanguka. Kisha wanakabana wakiwa wamepiga magoti, baadaye wakitembea, ndipo wakimbie. Unapomkaba mtu kwa ubavu, kichwa chako kinakaa nyuma ya mwili wake. Ukikiweka mbele, magoti yake na uzito wake vyote vinakuangukia shingoni. Kukaba juu ya mabega ni penalti. Na skramu ya walio chini ya miaka 19 haisukumwi zaidi ya mita 1.5. Nimeshuhudia mechi za shule kocha anapiga mayowe "Sukuma! Sukuma!" mpaka skramu inaporomoka, watoto wamelaliana, na refa anaangalia tu.

Sasa siasa. Shujaa walipoichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016, kila mheshimiwa alikuwa shabiki wa raga. Mwaka huohuo wasichana wetu, Lionesses, wakacheza Olimpiki kule Rio. Pongezi zilimiminika. Sheria ya NG-CDF ya 2015 nayo iliruhusu eneobunge kutumia hadi asilimia 2 ya mgao wake kwa michezo. Hapa kwetu nimeiona hiyo pesa ikigeuka jezi na kikombe cha wikendi moja, na picha nyingi.

Na sisi je? Msikasirike. Wakati wa kampeni tulileta jezi 30 zenye picha ya mgombea wetu. Watoto walifurahi, hata mimi nilivaa yangu. Lakini uwanja ulibaki uleule wa murram, mipira miwili, kocha mmoja, watoto 46. Hapo tulikuwa tofauti gani na wale tunaowapinga?

Kwa hivyo bajeti ikiletwa kwa wananchi watoe maoni, twendeni na ombi moja, limeandikwa na kutiwa sahihi: kila shule na klabu inayocheza raga hapa ipate makocha wawili waliofunzwa, mmoja wao mwanamke, na sanduku la huduma ya kwanza. Wakitupa kikombe, tuwarudishie. Na wale wetu walio kwenye bunge la kaunti tuwaulize swali hilohilo, bila kuwaonea haya.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunaokota mawe uwanjani. Njoo na koleo au karai. Jezi za chama acheni nyumbani, kutakuwa na vumbi.