Kihenge cha Pumzi: Tumbaku, Uzee na Mapafu Yetu

Mhadhara wa umma, Isikizya



Nasimama hapa, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, nikijua kwamba wengi mlioketi mbele yangu mmesomesha watoto kwa tumbaku. Sikuja kuyabomoa mabani yenu ya kukaushia tumbaku. Nimekuja kwa ajili ya neno moja ninalojibiwa kila ninapomuuliza mtu mzima mbona anahema kwa mwendo mfupi: “Uzee tu huo.” Neno hilo linatuulia watu.

Nchi hii ilijengwa kwa pumzi. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi kwa miguu. Kilichowafikisha pwani ni miguu na kifua. Inaniuma kwamba zao linalotulisha leo ndilo linalokila kifua hicho.

Pafu ni kihenge. Hujazwa tangu utotoni hadi miaka 20 na kitu. Baada ya hapo hakuna mavuno mengine, ni kuchota tu. Vifuko vya hewa hulegea, mbavu hukakamaa. Pima hewa ambayo mtu huipuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza: asiyevuta hupoteza kama mililita 30 kila mwaka, yaani vijiko viwili vya mezani. Kijana aliyeanza na lita 4 akiwa na miaka 25 atafika 65 na lita 2.8. Atakwenda shambani taratibu, lakini atakwenda.

Moshi ni panya ndani ya kihenge hicho. Huua vinyweleo vinavyofagia makohozi, hunenepesha kuta za njia za hewa, hutafuna vifuko vyenyewe hadi hewa inaingia na kukwama. Si kila mvutaji hudhurika sawa. Ila kwa yule ambaye mapafu yake hayastahimili, upotevu huweza kufika mililita 60 kwa mwaka. Piga hesabu: akiwa na miaka 65 amebaki na lita 1.6. Huyo huweza kuishiwa pumzi akipanda kilima au akiharakisha, na nyumbani wanasema babu kazeeka.

Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 8 wanaume wafanyakazi wa London. Kilichopotea hakikurudi. Lakini walioacha sigara, pumzi yao ilianza kupungua kwa kasi ya kawaida, kama ya wasiovuta. Mzee wangu unayesema umekwisha kuchelewa, nisikilize hapa: mwenye debe moja kihengeni ndiye anayepaswa kumfukuza panya usiku huohuo.

Ugonjwa huu sugu wa kuziba kwa njia za hewa si wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu vijijini Tanzania uliukuta kwa asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa. Na mama zetu, ambao wengi hawajawahi kugusa msokoto, wameuvuta moshi wa kuni jikoni tangu wakiwa wasichana. Kifua kikuu nacho, hata kikipona, huweza kuacha makovu yanayobana njia za hewa.

Linalonisumbua zaidi ni hili: mtu anakohoa mwaka mzima, makohozi yanapimwa, kifua kikuu hakionekani, anarudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemwambia apulize. Kipimo cha kupuliza huchukua dakika chache na hakitoi hata tone la damu.

Basi nawaomba. Mwenye miaka 40 na zaidi, anayekohoa miezi kwa miezi au kuishiwa pumzi kwa mwendo mdogo, akiambiwa hana kifua kikuu asiondoke. Aulize kipimo cha kupuliza kinapatikana wapi. Na wewe unayevuta, msokoto ulio mfukoni mwako sasa hivi, usiuwashe.